Mwenda Tezi na Omo: Safari ya Mfumaji wa Molo

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni methali ya mabaharia, na wengi walioizoea madarasani hawajawahi kuiona tezi wala omo, seuze ngama. Mfumaji mmoja wa sweta kutoka mji wa Molo alikuwa miongoni mwao. Aliikariri alipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, akaiandika katika mtihani, akapata alama, kisha akaisahau. Ilimrejea akiwa na umri wa miaka 61, jioni moja ya Juni mwaka 2023, ndani ya meli iliyokuwa imeng'oa nanga mjini Aberdeen, Uskoti, ikielekea visiwa vya Shetland. Alikuwa ameizunguka meli hiyo kutoka tezi hadi omo huku bintiye amemshika mkono na upepo wa Bahari ya Kaskazini ukimchapa usoni. Kichefuchefu kilipomzidi nguvu aliteremshwa chini akalazwa katika chumba chembamba, akawa anaisikia mitambo ikinguruma chini ya mgongo wake. Hapo ndipo aliposema kwa sauti hafifu, "Mwanangu, huku ndiko ngamani." Binti alicheka hadi machozi yakamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kucheka pamoja tangu mama awasili ughaibuni wiki moja kabla ya hapo.

Huko Molo wachache humwita mfumaji huyu kwa jina lake. Kwa wateja yeye ni Mama Sweta. Kibanda chake cha mabati kinapakana na duka la mbegu na mbolea, na ndani yake mna mashine mbili za kufumia za kusukumwa kwa mkono, kiti kimoja, kioo kilichopasuka pembeni, na rafu za nyuzi zilizopangwa kwa rangi za shule: buluu iliyoiva, kijani cha chupa, maruni na kijivu. Mji wenyewe uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hukaa mashambani mpaka jua lipande sana, na mtoto asiye na sweta hufika darasani vidole vimekufa ganzi asiweze kushika kalamu. Kwa hiyo kazi ya Mama Sweta si kazi ya mapambo. Mwaka 2003, masomo ya shule za msingi za umma yalipofanywa kuwa ya bila malipo, watoto walifurika madarasani, naye akafuma usiku na mchana hadi bega lake la kulia likawa linamwuma hata akiwa amelala. Kwa sweta hizo alimlipia bintiye karo ya sekondari, kisha karo ya chuo cha uuguzi.

Njia haikuwa nyoofu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi yalipoikumba Molo, kibanda chake cha kwanza kiliteketezwa pamoja na mashine yake. Alikimbilia Nakuru pamoja na maelfu ya wengine waliopiga kambi katika uwanja wa maonyesho. Katika kifurushi alichokiokoa mlikuwa na blanketi, cheti cha kuzaliwa cha bintiye, sindano mbili za kufumia na mkebe wa majani ya chai uliojaa vifungo. Kambini aliwaomba majirani sweta za mitumba zilizochakaa, akazifumua, akazifua nyuzi zake na kuzianika juu ya kamba za hema, kisha akafuma kofia za watoto. Ndivyo alivyoanza upya.

Katika mkebe huo wa vifungo mlikuwa pia na kitu kingine: kipande cha kitambaa kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, chenye maandishi ya Kiingereza yaliyosema kuwa vazi limefumwa kwa mkono Shetland. Alikikata katika sweta ya mtumba aliyoinunua sokoni miaka mingi kabla ya machafuko. Sweta hiyo ilikuwa na mapambo ya rangi sita au saba yaliyojipanga kama ushanga, naye alipoiona aliigeuza ndani nje papo hapo, kwa maana mfumaji hutazama upande wa nyuma kwanza. Aliinunua kwa bei ya mtumba, akaifumua mkono mmoja, mstari kwa mstari, ili ajue siri yake. Siri aliipata: hata rangi ziwe nyingi namna gani katika vazi zima, kila mstari hauna zaidi ya rangi mbili, na ile isiyotumika hupita nyuma ya vitanzi ikisubiri zamu yake. Alichokosa kujua ni Shetland ni wapi. Alidhani ni jina la kiwanda.

Binti alihamia Aberdeen mwaka 2021 kufanya kazi ya uuguzi hospitalini. Miaka miwili baadaye akamtumia mama yake tikiti na kumwuliza kwa simu angependa kuona nini akifika Uingereza. Alitarajia kusikia habari za London na kasri la mfalme. Mama alikwenda kwenye mkebe, akavaa miwani, na kusoma kile kitambaa herufi moja baada ya nyingine. Binti akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama, hapo ni mbele ya hapa ninapokaa. Ni usiku mmoja kwa meli."

Meli ilitia nanga Lerwick asubuhi. Jambo la kwanza lililomshangaza mfumaji lilikuwa ukosefu wa miti. Vilima vilikuwa vya kijani, vimenyolewa na upepo, na kila mahali kulikuwa na kondoo wadogo wa rangi asizowahi kuzidhania: weupe, weusi, wa kijivu, wa kahawia iliyowiva kama udongo wa Molo baada ya mvua. La pili lilikuwa mchana usiokwisha. Aliyezaliwa karibu na ikweta hujua kuwa jua hutua saa kumi na mbili, na kwamba saa za Kiswahili zimejengwa juu ya uaminifu huo wa jua. Lerwick iko kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini. Mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa nne za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi za alfajiri, na katikati hubaki weupe hafifu usiostahili kuitwa usiku. Mfumaji alikaa dirishani akifuma soksi bila kuwasha taa, akahesabu saa kwa Kiswahili, na hesabu ikamkataa. "Saa tano ya usiku na ninaona kitanzi," alimwambia bintiye. "Hapa mtu anaweza kufanya kazi mpaka afe."

Katika jumba la makumbusho la mji huo, lililofunguliwa mwaka 2007 kando ya gati la zamani, mama na binti walitumia siku nzima. Kulikuwa na shali za sufu nyembamba mno, zile ambazo husifiwa kwa kuweza kupenyezwa nzima ndani ya pete ya ndoa. Kulikuwa na sweta za Fair Isle, kisiwa kidogo kilicho kusini, ambacho mapambo yake yalipata umaarufu duniani mapema katika miaka ya 1920 baada ya Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, kuvaa sweta ya aina hiyo akicheza gofu. Mfumaji alizipita shali na sweta za wafalme kwa heshima, lakini miguu yake ilisimama kabisa mbele ya vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa mavazi ya maiti. Mwaka 1951, wanaume waliokuwa wakichimba mboji ya kuwasha moto mahali paitwapo Gunnister waliukuta mwili wa mtu aliyezikwa humo tangu mwisho wa karne ya 17 au mwanzo wa ile ya 18. Mwili ulikuwa karibu umetoweka, lakini nguo za sufu zilikuwa nzima: kofia, glavu, soksi ndefu, na kifuko kidogo cha kufumwa kilichopambwa kwa rangi zaidi ya moja, chenye sarafu za Uholanzi na Uswidi. Mavazi yenyewe yamehifadhiwa Edinburgh. Yaliyo Lerwick ni nakala zilizofumwa kwa uangalifu kitanzi kwa kitanzi. Jina la marehemu halijulikani. Jina la aliyemfumia kifuko halijulikani pia. Mfumaji alikichunguza kifuko hicho kwa muda mrefu hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Alikuwa akikumbuka kifurushi chake cha mwaka 2008. Alipoulizwa na bintiye kama amechoka, alijibu tu, "Huyu naye alitoka nyumbani na kidogo alichoweza kubeba."

Cha pili kilikuwa picha ya kale. Mwanamke amebeba mgongoni kapu kubwa lililojaa mboji ya kuwasha moto, amejiinamia kidogo kwa uzito, na mikono yake miwili iko mbele ya kifua ikifuma. Anatembea na kufuma. Mfumaji aliishika kingo ya meza. Alimwona mama yake mzazi katika miaka ya 1960, akitoka msituni na mzigo wa kuni, mkanda wa ngozi umekaza kipajini, mikono ikisuka kiondo. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba walisuka viondo wakienda shambani na wakirudi, kwa kuwa mikono haikupewa likizo eti kwa sababu mgongo una kazi. Bahari na nyanda zinazowatenganisha wanawake hao wawili ni maelfu ya kilomita. Wala hawakupata kusikiana. Hata hivyo kila mmoja alikuwa amegundua kuwa umaskini unaweza kuiba kila kitu isipokuwa muda uliomo kati ya hatua moja na nyingine.

Siku iliyofuata walitembelea nyumba ya kale ya mawe nje kidogo ya mji ambako nguo za visiwani huhifadhiwa. Mwenyeji wao alikuwa ajuza aliyejitolea kuwapokea wageni. Alikuwa amejifunga mkanda wa ngozi uliotobolewa matundu mengi na kujazwa singa za farasi. Sindano moja ilichomekwa katika tundu, ikatulia kama iliyoshikwa na mkono wa tatu, na vidole vikaenda kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata. Mfumaji aliomba kuujaribu. Ajuza alimfunga mkanda kiunoni kama anavyofungwa bi arusi. Mistari miwili ya kwanza iliharibika. Wa tatu ukakubali. Kuanzia hapo walizungumza kama mashoga, Kiingereza cha mmoja kikiwa na lafudhi ya Molo na cha mwingine kikiwa na lafudhi ya Shetland, binti akiwa mkalimani pale ambapo Viingereza hivyo viwili viligoma kuelewana.

Ajuza alimfundisha majina ya rangi za kondoo. Kondoo wa kahawia nyekundu huitwa moorit. Wa kijivu kilichoiva huitwa shaela. Majina hayo ni mabaki ya Kinorn, lugha yenye asili ya Skandinavia iliyozungumzwa visiwani kwa karne nyingi kabla ya kumezwa na Kiskoti na Kiingereza. Mwaka 1469 visiwa hivyo viliwekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti kwa ajili ya mahari ya binti wa mfalme wa Denmark na Norwe, na rehani haikukombolewa tena. Mfumaji alitaka hakika kwamba mahari ilitolewa na upande wa bi arusi. Alipothibitishiwa alitikisa kichwa akasema ndiyo maana haikulipwa. Ila habari ya lugha iliyokufa ilimgusa kwa namna nyingine. Sarufi ya Kinorn ilizikwa pamoja na wasemaji wake, lakini majina ya rangi yalisalimika kwa sababu mikono iliendelea kuyahitaji. Mwanaisimu angeweza kuliandikia jambo hilo tasnifu. Mfumaji alilisema kwa ufupi: "Neno lililo na kazi halifi."

Kisha ajuza akamsimulia jambo ambalo halikuwa kwenye kijitabu cha watalii. Katika karne ya 19 wanawake wa Shetland walifuma mchana na usiku, lakini wenye maduka hawakuwalipa fedha. Waliwalipa kwa bidhaa: chai, vitambaa, vikorokoro vya dukani, kwa bei iliyopangwa na mwenye duka yeye mwenyewe. Mwanamke aliweza kurudi nyumbani na chai ya kutosha mwezi mzima bila kuwa na unga wa siku moja, na ikambidi apite kwa majirani akibadilishana chai kwa unga au viazi. Mwaka 1872 mjumbe wa tume ya serikali alifika visiwani kuchunguza desturi hiyo. Wafumaji walisimama mbele yake, mmoja mmoja, wakaulizwa, wakajibu, na majibu yao yakaandikwa na kuchapishwa. Sheria ya mwaka 1887 iliwataja wazi wanaofuma sufu majumbani mwao kuwa nao wanastahili kulipwa kwa fedha. Desturi haikukoma siku hiyo, kwani sheria ni jambo moja na kaunta ya duka ni jambo jingine. Lakini ushahidi ulikuwa umekwisha kutolewa.

Binti aliyekuwa akifasiri aliona uso wa mama yake ukibadilika. Hakujua sababu hadi walipokuwa ndani ya basi. Kulikuwa na shule moja ya bweni huko nyumbani iliyokuwa imeagiza sweta 60 kwa shilingi 750 kila moja. Zilipelekwa Januari. Hadi mfumaji anapanda ndege mwezi wa Juni hakuwa amepokea hata senti moja, ila magunia matatu ya mahindi na moja la maharagwe, ambayo wazazi wasio na fedha walikuwa wameyaleta shuleni badala ya karo. Aliyapokea kwa shukrani. Aliona aibu kudai zaidi. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliipata picha ya mwanamke aliyebeba chai akitafuta unga.

Binti alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema yale aliyoyapangia safari nzima. "Mama, funga kile kibanda. Nitakutumia pesa kila mwezi. Bega lako limechoka. Nimeliona ukivaa koti."

"Na nikifunga nitakuwa nani?"

"Utakuwa mama yangu."

"Hiyo kazi ninayo tayari, na sijaomba mshahara."

Binti aligeukia dirishani. Huenda alikuwa akilia. Huenda ulikuwa upepo ulioingia alipolifungua. Kwa muuguzi anayewageuza wazee wa watu wengine vitandani usiku ilhali mama yake mwenyewe anajipaka dawa ya bega peke yake Molo, maneno hayo hayakuwa mzaha mtupu. Mama alilifahamu hilo. Aliuchukua mkono wa bintiye akaushika mpaka basi likafika, lakini hakubadili jibu.

Alirejea Kenya mwanzoni mwa Julai. Marejeo yana adabu zake, na ya kwanza ni zawadi. Majirani walifika wakiwa na pole za safari midomoni na macho kwenye sanduku. Aligawa chokoleti, sabuni, vitambaa vya kichwa na kalamu. Kitu kimoja tu hakukigawa: donge la uzi wa sufu ya moorit alilopewa na ajuza wakati wa kuagana. Alilitia katika mkebe pamoja na kile kitambaa. Kwa wiki nzima aliulizwa kama alimwona mfalme, kama theluji inalika, na kama ni kweli kwamba wazungu nao wana maskini. Alisema kuwa alimwona mwanamke aliyefanana na mama yake. Waliosikia walidhani safari imemchosha.

Kibandani alikuta vumbi limetanda juu ya mashine moja. Kwenye ile nyingine, mwanagenzi wake, msichana aliyekatiza masomo katika kidato cha pili kwa kukosa karo, alikuwa amefuma mikono tisa ya sweta yote ikiwa ya upande mmoja wa saizi na mirefu kupita kiasi. Wateja wawili walikuwa wamehamia kwa mshindani. Bili ya umeme ilikuwa imesukumwa chini ya mlango. Mvua ilinyesha, matatu zikarusha matope, na jua likatua saa kumi na mbili bila kubembelezwa. Yale mabega yaliyokuwa yamepumzika kwa mwezi mmoja yaliukumbuka uchungu wao katika saa ya kwanza.

Alichokuwa hakukitarajia ni kwamba safari yenyewe ingegeuka kuwa kisingizio. Alipokwenda katika shule ile kulifuatilia deni lake, karani wa fedha alimpokea kwa kicheko. "Mama, wewe umetoka Uingereza juzi na bado unatudai sisi? Sisi hapa hata chaki hatuna. Tuvumilie." Wengine ofisini wakacheka pia, bila ubaya. Machoni mwao, aliyepanda ndege hawezi kuwa na shida ya shilingi 45,000. Hapo zamani angecheka nao, akaaga, na kurudi nyumbani akiwa na gunia jingine. Siku hiyo aliketi.

"Mahindi yenu nimeyala, na Mungu awabariki," alisema. "Lakini mashine hailishwi mahindi. Anayeniuzia nyuzi Nakuru hapokei maharagwe. Nilifuma sweta 60. Wazazi waliolipa fedha za sare walilipa fedha. Nimekuja kuzichukua zilizo zangu, na nitakaa hapa kwa kuwa nimezoea kukaa."

Akatoa soksi mkobani, akaanza kufuma. Alifuma saa moja, akafuma mbili. Wazazi walioingia ofisini walimwamkia na kuuliza kulikoni, naye akawaeleza bila kupaza sauti. Kabla ya chakula cha mchana mwalimu mkuu alimwita. Walihesabu pamoja, wakatoa thamani ya magunia kwa bei ya soko ya siku yalipotolewa, wakaandika kilichosalia. Nusu yake alilipwa siku ileile, na nyingine Septemba, isipokuwa shilingi 4,000 ambazo hazikuonekana tena, naye hakuzifuata, akisema kuwa hata kondoo huacha manyoya kidogo kwenye ua.

Tangu hapo aliweka kanuni mpya, akaiandika kwenye kadibodi na kuitundika juu ya kioo: nusu ya malipo kabla uzi haujaguswa. Kanuni hiyo haikuja bila gharama. Januari 2024 shule mbili zilimwacha zikaenda kununua sweta za kiwandani. Tatu zilibaki. Alifuma chache kuliko mwaka uliotangulia, lakini kila aliyoifuma ililipwa, na Februari alikuwa na akiba ya nyuzi bila kukopa. Binti naye hakushindwa kabisa katika ule mjadala wa ndani ya basi. Kila mwezi hutuma kiasi fulani kwa simu, na sehemu yake humlipa mwanagenzi, ambaye sasa ndiye anayeisukuma mashine katika saa za mchana ili bega la mwalimu wake lipate nafuu.

Jioni, taa inapowaka na wateja kuisha, wawili hao huacha mashine na kuchukua sindano. Mfumaji anamfunza msichana kufuma kwa mkono, rangi mbili kwa mstari. Yeye mwenyewe alifundishwa na mama yake. Kizazi kilichofuata, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kilifunzwa shuleni, wengi wakitumia spoki za baiskeli badala ya sindano, kabla ya masomo ya kazi za mikono kuondolewa katika mtihani. Ajuza wa Lerwick alimsimulia kisa kama hicho: huko Shetland ufumaji ulikuwa ukifundishwa katika shule za msingi hadi mwaka 2010, halmashauri ilipoacha kuugharimia, na ikawa kazi ya watu wa kujitolea kuwarudishia watoto sindano. Kwa hiyo kila jioni kibanda cha mabati huwa darasa la mwanafunzi mmoja.

Usiku mmoja msichana aliuliza kwa nini ahangaike na upande wa nyuma ilhali anayevaa haonyeshi ndani. Mfumaji aliinuka, akaufungua mkebe, akamwonyesha kile kitambaa kidogo na lile donge la uzi wa kahawia. Alimweleza juu ya mtu wa Gunnister, aliyelala mbojini miaka mia mbili na zaidi, akaoza yeye mwenyewe na kifuko chake kisioze. Kisha akasema kuwa uzi usioonekana ndio unaoshikilia ule unaoonekana, na kwamba ukiuvuta kwa pupa sweta hujikunja, ukiulegeza sana hunasa vidole vya mvaaji.

Lugha ya Kiswahili imelihifadhi somo hilo kwa namna yake. Kutokana na kitenzi fuma tumepata mfumaji na ufumaji, na tumepata pia mfumo, neno tunalolitumia kwa elimu, uchumi na serikali, mara nyingi bila kukumbuka kuwa chanzo chake ni mikono ya mtu anayepitisha uzi. Tumepata vilevile fumua na fumuka. Mfumo wowote unaomsahau mfumaji wake hufumuka, uwe wa duka la Shetland la mwaka 1872 au wa ofisi ya shule iliyo kando ya barabara ya murram. Na ngamani, anakorejea aliyezunguka tezi na omo, si mahali pa kudharauliwa. Ndiko kunakowekwa shehena, na ndiko maji yaliyopenya hukusanyika. Asiyeshuka huko kuyakumba, chombo kitamzamia akiwa bado anaisifu safari.